Ligi Inalinda Nembo, Nani Anamlinda Mchezaji?

Septemba 2022 Anthony Edwards, nyota kijana wa Minnesota Timberwolves, aliwarekodi kwa simu wanaume kadhaa waliokuwa wamesimama kando ya barabara, yeye akiwa ndani ya gari. Aliwataja kwa maneno ya kuwadhalilisha wapenzi wa jinsia moja, akashangaa kwa sauti dunia imefika wapi, kisha video akaipandisha Instagram. Baadaye akaifuta na kuomba radhi. NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikamtoza faini ya dola 40,000.

Edwards alikuwa na miaka 21, na mshahara wake wa msimu ule ulizidi dola milioni 10. Faini hiyo haikufika hata nusu ya asilimia moja.

Watu waligawanyika kama wanavyogawanyika kila mara jambo hili linapotokea. Wapo walioona ligi imemchekea. Wapo walioona kijana ameonewa: amesema linalosemwa kila kijiweni, iweje atozwe fedha? Hoja ikawa ni kiasi, dola 40,000 ni nyingi au ni kidogo. Halafu msimu ukaanza na kila mtu akarudi kwenye mpira. Wale waliorekodiwa barabarani hawakuwa na nafasi katika mjadala wa upande wowote.

Mimi nasimama na wanaosema alistahili kuadhibiwa. Ila nina ugomvi na jinsi ligi zinavyoadhibu, na ugomvi huo hauhusu ukubwa wa faini. Ukiziweka kesi hizi pamoja unaona kinachopimwa ni doa lililoingia kwenye nembo ya ligi. Jeraha la aliyetukanwa halimo kwenye mizani. Ndiyo maana faini zinatolewa mwaka hadi mwaka na tusi linabaki lile lile.

Chukua kesi ya Kobe Bryant. Tarehe 12 Aprili 2011, Los Angeles Lakers wakicheza na San Antonio Spurs, mwamuzi Bennie Adams alimpa Kobe faulo ya kiufundi. Kobe akaenda benchi akiwa amefura kwa hasira, na kamera ya televisheni ikamnasa akimtupia mwamuzi yule tusi wanalotukanwa wapenzi wa jinsia moja. Kesho yake David Stern, aliyekuwa kamishna wa ligi, akamtoza dola 100,000. Kobe alijitetea kwamba ilikuwa hasira ya mchezo tu, hakuwa amekusudia kumlenga mtu wa kundi lolote.

Aliyemjibu vizuri kuliko wote ni John Amaechi, Mwingereza mwenye baba Mnigeria, aliyewahi kuchezea Cleveland, Orlando na Utah. Amaechi aliandika katika New York Times kwamba nyota wa hadhi ya Kobe anapolitupa neno lile akiwa katika kilele cha hasira, anawafundisha wavulana wanaotazama kwamba njia bora ya kumshusha mtu, hata mtu mwenye mamlaka, ni kumwambia kuwa yeye si mwanamume kamili. Hoja hiyo sijaona aliyeipangua. Kwamba hukukusudia hakupunguzi kitu, kwa sababu tusi hufanya kazi kwa kuwa kila mtu uwanjani anajua limetoka wapi na linamshusha nani.

Wiki chache baadaye, tarehe 22 Mei 2011, fainali ya Kanda ya Mashariki ikichezwa Miami, Joakim Noah wa Chicago Bulls alimrushia shabiki neno la aina hiyo hiyo. Faini yake ikawa dola 50,000, nusu ya ile ya Kobe. Waandishi wakauliza imekuwaje. Msemaji wa ligi akaeleza kwamba ile ya Kobe ilijumuisha pia adhabu ya kumtukana mwamuzi.

Maelezo hayo yanasema mengi kuliko ligi ilivyotaka kusema. Neno ni moja, mwezi unakaribia kuwa mmoja, na kilichoongeza bei ni kwamba aliyetukanwa alikuwa amevaa sare ya ligi. Baada ya hapo bei imekuwa ikipanda na kushuka bila mtu wa nje kuelewa hesabu yake: Roy Hibbert dola 75,000 mwaka 2013, baada ya kutoa maneno ya aina hiyo na pia kuwatukana waandishi wa habari mbele ya vipaza sauti, Nikola Jokić dola 25,000 mwaka 2018, Kevin Durant dola 50,000 mwaka 2021, kwa ujumbe wa faragha ambao mpokeaji aliuanika hadharani, kisha Edwards na zile 40,000 zake. Mchezaji anayelipwa mamilioni anaisoma orodha hii kama dereva wa daladala anavyoisoma faini ya trafiki: ni gharama ya njiani.

Kesi inayoniuma zaidi ni ya Bill Kennedy. Tarehe 3 Desemba 2015, Sacramento Kings wakicheza na Boston Celtics katika jiji la Mexico City, mwamuzi Kennedy alimtoa nje Rajon Rondo. Rondo hakutoka kimya. Alimwandama mwamuzi akimtukana kwa kumwita majina ya wapenzi wa jinsia moja. Ligi ilimfungia mechi moja. Siku chache baadaye Kennedy akajitokeza na kusema kwamba yeye ni mwamuzi wa NBA na anapenda wanaume, na kwamba yote mawili anajivunia.

Fikiria uzito wa jambo lile. Mtu mzima, mwenye kazi yake na heshima yake, anasukumwa kuifungua siri ya maisha yake kwa sababu mtu mwingine alikasirishwa na filimbi. Rondo alitoa kauli ya kwanza akisema ilikuwa hasira tu, basi. Wengi wakaikataa kauli ile, kwani hata jina la aliyetukanwa halikuwamo. Ikabidi atoe ya pili, ya kuomba radhi. Mechi moja ya msimu wenye mechi 82 ndiyo iliyokuwa thamani ya yote hayo.

Sasa vuka bahari uende Ufaransa, kwenye ligi ya soka. Tarehe 19 Mei 2024, AS Monaco ikicheza na Nantes, kiungo wa Mali Mohamed Camara aliingia uwanjani akiwa ameifunika kwa utepe nembo ya kampeni ya kupinga chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja iliyokuwa kwenye jezi yake. Hakumtukana mtu, wala hakumnyooshea mtu kidole. Waziri wa michezo wa Ufaransa alitaka aadhibiwe vikali, na kamati ya nidhamu ya ligi ikamfungia mechi nne.

Najua ni ligi mbili tofauti, za nchi mbili, zenye kanuni tofauti, na hakuna hakimu mmoja aliyezipima kesi hizi pamoja. Lakini sisi watazamaji tunaziona zote mbili, na tunajifunza kutokana nazo. Aliyemtukana binadamu aliyesimama mbele yake alikosa mechi moja. Aliyefunika kitambaa alikosa nne. Mtu akiniambia mizani hiyo inamtetea mpenzi wa jinsia moja, nitamwomba anionyeshe ni mpenzi yupi aliyetetewa. Kilichotetewa Ufaransa ni kampeni ya ligi, na kuigusa kampeni kukaonekana kosa kubwa kuliko lile la Mexico City.

Hapa ndipo nachukua msimamo ambao najua hautawaridhisha wote. Katika nchi zetu kadhaa za Afrika Mashariki sheria bado inawaadhibu watu hawa, na wengi wetu tunaofuatilia michezo kutoka Mombasa, Dar es Salaam au Kampala tunaanzia kwenye dini. Dini inakataza, kwa hiyo mchezaji amesema kweli. Kosa lake liko wapi? Hoja hii hurudi kila kesi inapotokea. Mei 2022, kiungo wa Senegal Idrissa Gana Gueye hakucheza mechi ya Paris Saint-Germain dhidi ya Montpellier, siku ambayo namba za jezi zilipakwa rangi za upinde wa mvua, ishara ya kuwaunga mkono wapenzi wa jinsia moja. Rais wa Senegal wa wakati huo, Macky Sall mwenyewe, alimuunga mkono hadharani, akitaka imani yake ya dini iheshimiwe. Afrika nzima ilikuwa na la kusema.

Mimi naiheshimu hoja ya imani, na kwa sababu hiyo nakataa kuiona ikitumika kufunika matusi. Gueye alikaa kando. Camara alifunika nembo. Unaweza kutokubaliana nao, na mimi natamani wangevaa, maana kampeni ile haikumtaka mtu aache dini yake, ilimtaka apinge chuki. Lakini dhamiri ya mtu ina chumba ambacho mwajiri hapaswi kukivunja mlango, na adhabu ya Camara naiona ilivuka mpaka. Kobe hakuwa akitetea imani alipokuwa benchi. Rondo hakuwa akinukuu aya. Edwards hakuwa akihubiri. Wale watatu walikuwa wakidharau watu, na hakuna dini ninayoijua hapa pwani inayomruhusu muumini kumfuata mtu barabarani na kumkashifu. Mwalimu yeyote wa madrasa au wa katekisimu atakuambia kwamba ulimi nao una hesabu yake.

Kuhusu uhuru wa kusema, mashabiki wengi wa Marekani huishika hoja hiyo kwa nguvu, na wanasahau historia ya ligi yao wenyewe. Machi 1996 Mahmoud Abdul-Rauf wa Denver Nuggets, aliyeingia Uislamu, alikataa kusimama wimbo wa taifa ukipigwa, akasema dhamiri yake haimruhusu. NBA ilimfungia mechi moja bila malipo. Yakafikiwa maelewano kwamba atasimama, ainamishe kichwa na kuomba dua. Ligi ni mwajiri. Imekuwa ikiamua nini kisemwe na nini kifanyike mbele ya kamera zake tangu zamani, na mara nyingi wale waliomlilia Edwards ndio ambao wangeshangilia Abdul-Rauf akiadhibiwa.

Tena tunajua NBA inaweza kuadhibu kwelikweli ikitaka. Aprili 2014 ilivuja sauti ya Donald Sterling, mmiliki wa Los Angeles Clippers, akitoa maneno ya kibaguzi dhidi ya watu weusi. Tarehe 27 wachezaji wa Clippers waliingia kupasha misuli wakiwa wamegeuza fulana zao ndani nje ili jina la timu lisionekane. Wadhamini wakaanza kukimbia. Tarehe 29 kamishna Adam Silver akamfungia Sterling maisha na kumtoza dola milioni 2.5. Siku mbili tu zilipita kati ya fulana zile na hukumu.

Kilichompa Silver ujasiri ni kwamba waliotukanwa walikuwamo ndani ya chumba, tena ndio wengi. Wangegoma, na mchujo ungesimama. Mpenzi wa jinsia moja anapotukanwa, mle ndani hakuna wa kugeuza fulana. Kama yupo, amejificha, na amejificha kwa sababu kila siku anasikia mwenyewe linavyotumika lile neno.

Ndiyo maana kisa cha Tim Hardaway kina thamani kwangu kuliko orodha yote ya faini. Februari 2007 Amaechi, akiwa ameshastaafu, alitangaza kwamba anapenda wanaume. Alikuwa wa kwanza kufanya hivyo miongoni mwa watu waliowahi kucheza NBA. Wiki moja baadaye, tarehe 14, Hardaway, mlinzi hodari wa Golden State na Miami Heat aliyechaguliwa mara tano kwenye mechi ya nyota, alihojiwa redioni Miami. Aliulizwa angefanya nini kama angekuwa na mwenzake wa namna hiyo kwenye timu. Akajibu kwamba anawachukia watu hao, hataki kuwa karibu nao, na kwamba jambo hilo halistahili kuwepo duniani. Mtangazaji alimpa nafasi ya kujirekebisha. Hakuichukua.

Amaechi alisema kwamba kauli ile ni ya chuki na haina utu hata chembe, ila angalau ni ya kweli: mtu ametamka kinachokaa vifuani mwa wengi. Stern alimwondoa Hardaway kwenye shughuli zote za wikendi ya All-Star, yaani ya mechi hiyo ya nyota, iliyokuwa ikianza Las Vegas. Timu ndogo aliyokuwa akiishauri ikaachana naye. Alikuwa amestaafu, kwa hiyo hapakuwa na mshahara wa kukatwa faini. Alichonyimwa ni kiti miongoni mwa wenzake, yaani kile kitu ambacho mchezaji mkubwa aliyestaafu anakihitaji kuliko fedha.

Mwanzoni aliomba radhi kwa namna tuliyoizoea, kwa maneno yanayonuka wakala. Halafu kikatokea kisichotokea mara nyingi. Hardaway akaenda kujifunza. Alikaa na watu waliomweleza maisha ya vijana waliofukuzwa nyumbani kwao na vijana waliojiua, akasikiliza. Mwaka 2011, huko El Paso, Texas, mji aliosomea chuo kikuu, kulikuwa na kampeni ya kumng'oa meya John Cook kwa sababu alisaidia kurudisha bima ya afya kwa wenza wa wafanyakazi wa jiji, wakiwamo wa jinsia moja. Hardaway alikwenda kusimama mbele ya waandishi kumtetea meya huyo. Mwaka 2013 alikuwa mtu wa kwanza kutia saini ombi la kuruhusu ndoa za jinsia moja katika jimbo la Florida. Mwaka huo huo mchezaji wa NBA Jason Collins alipojitangaza kwamba anapenda wanaume, Hardaway alimpigia simu kumpa moyo.

Naweza kusikia msomaji akisema huyo alitaka tu kuingia kwenye ukumbi wa magwiji wa mpira wa kikapu. Inawezekana hamu hiyo ilikuwepo. Yeye mwenyewe alikiri kwamba maneno ya 2007 ndiyo yaliyomzuia mlangoni, na hakuingizwa hadi 2022. Lakini miaka 15 ni mirefu mno kwa mtu anayeigiza, na huko El Paso hakukuwa na kamati ya magwiji iliyokuwa ikimtazama. Aliyeaminika zaidi katika kuwageuza watu ni yule yule aliyesema maneno mabaya kuliko wote. Msaada huo haununuliwi kwa dola 40,000.

Kobe naye hakubaki alipokuwa. Februari 2013 aliwakemea mashabiki kwenye Twitter waliokuwa wakimwita mtu mpenzi wa jinsia moja kama tusi. Mmoja akamkumbusha ya 2011. Kobe alijibu kwamba ulikuwa ujinga wake, anaukubali, amejifunza, na anatarajia wengine wajifunze pia. Amaechi alikuwa ameshasema yake. Nani alimfundisha Kobe, faini au maandishi yale ya Amaechi? Mimi naamini kwamba mtu hubadilishwa na mtu.

Basi ningekuwa na sauti katika ofisi za ligi, ningetaka adhabu ianze na aliyetukanwa. Kennedy aulizwe anachotaka kabla ya Rondo kutoa kauli yoyote. Waliorekodiwa na Edwards watafutwe, na wakipenda waombwe radhi ana kwa ana. Mchezaji afungiwe mechi, kwa sababu mchezaji anaumia kwa kukosa kucheza kuliko kwa kukatwa hela, na muda huo autumie kukaa na watu aliowadharau. Ligi ieleze hadharani ni mtu gani amekosewa na kwa namna gani, badala ya sentensi ile ya kila mara kuhusu lugha isiyokubalika. Na nembo za kampeni ziwe za hiari. Jezi anayovaa mtu kwa kulazimishwa haimwambii chochote mwenzake aliyejificha, isipokuwa kwamba ofisi imeamuru.

Tarehe 29 Aprili 2013, mwaka mmoja kamili kabla ya Sterling kufungiwa, Jason Collins alikuwa ametangaza kwamba anapenda wanaume, baada ya misimu 12 ya kuficha. Februari 2014 alisajiliwa na Brooklyn Nets, akawa wa kwanza kucheza hadharani hivyo katika ligi nne kubwa za Marekani. Alivaa namba 98 kumkumbuka Matthew Shepard, mwanafunzi wa Wyoming aliyeuawa mwaka 1998 kwa sababu ya kupenda wanaume. Jezi hiyo hakulazimishwa na mtu kuivaa, na mashabiki waliigombania madukani. Novemba 2014 akastaafu.

NBA ina wachezaji wapatao 450 kila msimu. Tangu Collins aondoke, hakuna hata mmoja aliyejitangaza akiwa bado anacheza. Adam Silver akae na hesabu hiyo mezani kabla hajatangaza faini nyingine.